Kabla hujalipia viwanja saba vya gofu Cape Town, nisikilize

Wiki iliyopita nilipata ujumbe wa msomaji kutoka Nakuru. Wako wanne, hucheza gofu pamoja kila Jumamosi, na Desemba wanataka kwenda Afrika Kusini kwa siku nane wakiwa na wake zao. "Kaka, viwanja saba tumeshachagua. Tushauri tu kuhusu hoteli." Niliusoma mara mbili nikaweka simu chini. Mpango kama huo niliuandika mimi kwa mkono wangu mwaka 2023, na ulinipotezea rafiki kwa mwaka mzima.

Tulikuwa sita: mimi na mke wangu, shemeji yangu na mkewe, na sahibu yangu wa Mombasa na mkewe. Huyu sahibu nimesoma naye, na gofu yake ameilelea Nyali. Kazi ya kupanga nikaichukua yote. Nilikaa usiku kucha na karatasi, nikapanga saa kwa saa: raundi sita kwa siku nane, mashamba ya mizabibu katikati, vivutio mwishoni "tukipata nafasi". Nilijivunia ile karatasi mpaka nikawaonyesha watu ofisini.

Kosa la kwanza lilikuwa mwezi. Desemba ndio wakati wa upepo wa kusini-mashariki, ule wenyeji wanaouita Daktari wa Cape kwa imani kwamba unafagia hewa chafu ya mji. Huo si upepo wa kupeperusha kofia tu. Unasimama kupiga, mpira unatikisika juu ya kijiti chake kabla hujaugusa. Halafu kuna jambo ambalo sisi wa Nairobi hatufundishwi. Hapa tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, hewa ni nyepesi, mpira unaruka. Ukishuka usawa wa bahari, fimbo ni ileile na mkono ni uleule, lakini mpira unafia njiani. Namba 7 yangu hunipa mita 140 nyumbani. Kule ilinipa chini ya 130, na siku mbili nzima nilibishana nayo badala ya kuchukua namba 6, fimbo inayopeleka mpira mbali zaidi, nikaendelea na maisha. Sahibu yangu, aliyezoea bahari na kaskazi, alitupiga sote. Nadhani hiyo ndiyo furaha pekee aliyorudi nayo safari ile.

Siku ya mvinyo ndiyo inayoniuma hadi leo. Tulikwenda Stellenbosch na Franschhoek, miji ya mashamba ya mizabibu karibu na Cape Town, kwa gari la kukodi. Sahibu yangu ni Mwislamu, hanywi. Mimi nilikuwa nalijua hilo kwa miaka zaidi ya ishirini, na bado nikampa usukani kwa sababu "wewe ndiye utakuwa mzima". Kwa hesabu yangu nilikuwa nimepata dereva. Tukaingia shamba la kwanza, la pili, la tatu. Tulionja Pinotage, ile zabibu ya wenyewe ambayo Profesa Perold aliizalisha Stellenbosch mwaka 1925 kwa kuchanganya zabibu mbili, Pinot Noir na Cinsaut. Mvinyo wake ni mzito, una harufu kama ya moshi wa kuni, na mimi niliupenda sana. Yeye alikuwa garini kwenye jua. Mkewe aliingia kwa adabu, akakaa pembeni na glasi ya maji.

Robben Island, kisiwa alikofungwa Mandela, nilikuwa nimeiweka siku ya mwisho. Bahari ikachafuka, feri ikafutwa. Gari la kamba la Table Mountain nalo lilikuwa limefungwa kwa upepo siku mbili mfululizo. Mke wa sahibu yangu alikuwa ameomba kitu kimoja tu katika safari nzima, nacho kilikuwa kuiona ile seli ya Mandela.

Uwanja wa ndege sahibu yangu alinishukuru, akanipa mkono. Baada ya hapo simu zangu hazikupokelewa tena. Tulipokuja kuonana msibani, mwaka uliofuata, aliniambia, "Saa tatu nzima garini, ndugu yangu. Saa tatu, na hukutoka hata kuniletea maji." Sikuwa na la kujibu. Nilimwomba msamaha palepale, na nilimwomba pia aniruhusu nipange upya.

Tulikwenda Machi 2025, siku tisa, raundi tatu. Ndugu msomaji wa Nakuru, hapo ndipo ushauri wangu wote ulipo: raundi tatu. Machi upepo unaanza kutulia, joto linapungua, na mavuno ya zabibu yanaelekea mwisho, kwa hiyo utakuta mashamba yana harufu ya juisi inayochacha na matrekta yana haraka. Juni hadi Agosti ni mvua kule Cape, usidanganywe na bei.

Raundi moja tulicheza Cape Town. Mbili tulikwenda kuchezea George, kilomita 430 hivi kwa barabara ya N2, pale Fancourt chini ya milima ya Outeniqua. Lala hapohapo. Kiwanja cha The Links pale ndicho kilichoandaa Presidents Cup, kombe la gofu kati ya timu ya Marekani na timu ya mataifa mengine nje ya Ulaya, mwaka 2003, siku ambayo Tiger Woods na Ernie Els walipambana mashimo ya nyongeza hadi giza likaingia, na Gary Player na Jack Nicklaus, manahodha wa timu, wakakubali sare ya 17 kwa 17. Nilisimama pale jioni nikajaribu kufikiria mpira wa kuamua kombe ukipigwa katika mwanga ule. Nyasi utakayoikuta kwenye viwanja vingi vya kule inaitwa kikuyu, asili yake nyanda zetu za juu. Ni nene, inameza mpira, piga kwa nguvu.

Na kabla hujaenda, mjue Papwa Sewgolum. Alikuwa kedi, yaani mbeba fimbo za wachezaji, wa Durban mwenye asili ya Kihindi, aliyeshika fimbo kinyume, mkono wa kushoto chini. Mwaka 1963 alishinda mashindano ya gofu ya Natal Open, akapewa zawadi nje kwenye mvua huku wazungu aliowashinda wakiwa ndani, kwa kuwa sheria za ubaguzi wa rangi hazikumruhusu kuingia. Leo wewe unaingia kwa mlango wa mbele. Heshimu makedi, walipe vizuri, waulize majina yao. Nawaona Wakenya wenzangu wanaowafokea watu wazima kwa sababu mpira umepotea, na sinyamazi.

Mambo ya karatasi ni mepesi: Mkenya haombi viza kwa siku 90, ila cheti cha homa ya manjano usikisahau. Wanaendesha kushoto kama sisi. Siku ya mvinyo kodi dereva, au panda ile tramu ya Franschhoek inayozunguka mashambani. Usimpe rafiki usukani wako.

Robben Island safari hii iliwekwa siku ya pili, ili ikifutwa tuwe na siku za kurudia. Haikufutwa. Aliyetutembeza gerezani alikuwa mfungwa wa zamani. Kwenye machimbo ya chokaa kuna rundo la mawe lililoanzishwa mwaka 1995, wafungwa waliporudi na Mandela akaweka jiwe la kwanza. Mke wa sahibu yangu alisimama akiliangalia muda mrefu, sote tukamngoja bila neno.

Jumapili asubuhi hatukucheza. Tulikwenda Bo-Kaap, mtaa wa nyumba za rangi ambako Waislamu wa Cape, wengi wao wajukuu wa watumwa waliotoka ng'ambo ya Bahari ya Hindi, wamejenga maisha yao. Sahibu yangu alitaka kuuona msikiti wa Auwal, uliopo tangu 1794. Akarudi macho yamemlowa kidogo. Mlangoni kwa nyumba moja mama mtu mzima aliyejifunga kilemba alikuwa akiuza koesister, maandazi ya kwao, zikiwa bado za moto, zimelowa shira na kunyunyiziwa nazi. Sahibu yangu akauma moja, akatafuna polepole, akasita.

"Iliki," akasema. Akamgeukia mkewe, akampa nusu iliyobaki. "Onja. Hii ina undugu na mahamri yetu."

Kisha akanunua dazeni nzima, na ya kwanza kutoka kwenye mfuko akanipa mimi.