Usianze na kadi: maswali yenu kuhusu kuunda kompyuta ya kazi na gemu

Mwezi huu maswali ya kompyuta za kuunda yameyapita ya laptopu. Nimechukua sita. Majina nimeyaacha, miji nimeibakiza.

Mwanza: "Shikamoo dada fundi. Nahariri video za harusi mchana, usiku nacheza gemu. Nina milioni mbili na nusu, skrini ninayo. Wengine wananiambia nichukue prosesa ya i9, wengine kadi kubwa ya grafiki. Nifuate lipi?"

Marahaba. Kabla ya yote, kamera yako inarekodi faili za aina gani? Wapiga harusi wengi siku hizi wana Sony, na wakipandisha ubora zinarekodi HEVC (namna ya kubana video) ya biti 10, rangi 4:2:2, yaani yenye rangi nyingi. Faili hiyo ndiyo inayokufanya uburute video halafu usubiri picha ije, huku bwana harusi anakupigia simu kuulizia kazi yake. Kadi za NVIDIA za kabla ya RTX 50, zilizotoka 2025, haziifumbui (haziifungui ili ionekane) kwa chipu yake. Kazi yote inamwangukia prosesa. Lakini prosesa za Intel tangu kizazi cha 11 zina grafiki ndogo ndani inayoifumbua faili hiyo bila jasho.

Kwa hiyo chukua i5-12400 au, bajeti ikiruhusu, i7-12700, na usikubali kupewa yenye herufi F mwishoni. F maana yake grafiki ya ndani imezimwa. Duka litakwambia ni ileile, tena bei nafuu. Kwa mcheza gemu mtupu ni kweli, kwako wewe ni hasara. Kizazi cha 12 nakipendekeza pia kwa sababu hakimo kwenye ule mkasa wa prosesa za kizazi cha 13 na 14 zilizokuwa zikiharibika kwa volti kupanda, hadi Intel ikatoa marekebisho ya baiosi (programu inayoiamsha kompyuta) mwaka 2024.

Kadi, tafuta RTX 3060 ya GB 12. Soma boksi kwa makini, maana ipo 3060 ya GB 8 yenye jina lilelile na mwendo mdogo. RAM iwe GB 32 kwa vipande viwili vya 16, usichukue kimoja cha 32, kwa sababu vikiwa viwili prosesa inavuta data kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Kwenye mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) yenye nafasi nne viweke ya pili na ya nne ukihesabu kutoka kwenye prosesa, kisha uingie kwenye baiosi uwashe XMP, mpangilio unaoipa RAM mwendo wake kamili. Nimeshafungua mashine za wateja zilizokaa miaka miwili na RAM ya 3200 inayokwenda 2133. SSD ya NVMe (diski ya kasi) ya TB 1 kwa harusi unayoihariri sasa, na diski ya kawaida ya kuzunguka (HDD) kwa zile ambazo wenyewe hawajamalizia malipo.

Dodoma: "Duka limenipa keisi yenye pawasaplai ya wati 600 ndani yake, bure. Kuna haja ya kununua nyingine?"

Ipo. Tena kama hela imebaki kidogo, punguza kwenye kadi uongeze hapa.

Nilipoanza kazi hii nilimuungia jirani mashine kwa pawasaplai ya namna hiyo, niliyopewa juu ya keisi na duka moja. Ilikaa miezi minne. Siku umeme ulipokatika na kurudi kwa kishindo, akaniita: chumba kinanuka kama pasi iliyosahaulika juu ya nailoni. Pawasaplai ilikufa, na ilikufa pamoja na mazabodi. Nilipoifungua nikakuta nafasi za koili za kuchuja umeme zipo kwenye ubao, zimechorwa hadi alama zake, ila koili zenyewe hazipo. Mahali pake kiwandani walikuwa wamechomelea vipande vya waya. Mazabodi nililipa mimi.

Tangu siku ile kipimo changu cha kwanza dukani ni mkono. Inyanyue. Pawasaplai ya kweli ya wati 550 ina uzito wa kueleweka, ile ya bure unaweza kuizungusha kwa vidole viwili. Kipimo cha pili ni kibandiko: tafuta alama ya 80 Plus, inayoonyesha haipotezi umeme ovyo, halafu usome ni wati ngapi zinatoka kwenye mstari wa 12V, maana huko ndiko prosesa na kadi zinakokula. Ikiandikwa 600 kwa nje na mstari wa 12V unatoa 250, basi umeuziwa 250.

Hesabu yenyewe si ngumu. RTX 3060 inakula wati 170, i5-12400 ikikazana inafika 117, weka 50 za feni, diski na mazabodi. Unapata kama 340. Pawasaplai nzuri ya 550 inatosha na inabaki na pumzi. UPS (betri ya kushika umeme ukikatika) nayo usidanganyike na namba kubwa ya VA: nyingi za 650VA zinatoa wati chini ya 400, na ukiongeza skrini utazisikia zinalia. Nenda 1000VA au zaidi, upate dakika za kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Haitakupa dakika za kumaliza mechi.

Morogoro: "Nina Dell OptiPlex ya mtumba, ile nyembamba, i5 kizazi cha 8. Kazi za chuo inafanya. Nataka kuiwekea kadi. Fundi kaniambia nibadilishe kwanza pawasaplai."

Huyo fundi hajaifungua. Pawasaplai ya mashine hizo imekatwa kwa umbo la keisi yake, na plagi inayoingia kwenye mazabodi si ile ya kawaida. Iache. Unachotafuta ni kadi isiyo na plagi ya umeme juu yake, inayotosheka na wati 75 za kwenye nafasi yenyewe ya mazabodi, na iwe ya kimo kifupi. Zinazopatikana zaidi ni GTX 1650 fupi na RX 6400.

Hapo mimi ningechukua 1650. RX 6400 inakula umeme mdogo zaidi, lakini inawasiliana na mazabodi kwa njia nne tu, na kwenye mashine ya zamani kama yako yenye PCIe 3.0 (toleo la zamani la njia hizo) inapoteza mwendo. Tena haina chipu ya kurekodi video, kwa hiyo ukitaka kurekodi unavyocheza mzigo wote unarudi kwa prosesa. Kabla hujalipa, mwambie muuzaji akuonyeshe kibati kifupi cha nyuma. Kadi nyingi za mtumba zinakuja na kirefu peke yake, na keisi haitafunga.

Chungulia pia RAM. Nyingi zinakuja na kipande kimoja cha GB 8. Ongeza cha pili na utaona tofauti hata kabla ya kadi. Jambo la heri ni kwamba kizazi cha 8 kinakubali Windows 11, maana Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025.

Unguja: "Kaka yangu yuko Muskat, anakuja mwezi ujao. Nimwagize nini?"

Vitu vidogo vya thamani: prosesa, SSD, kadi ya grafiki. Keisi, feni na pawasaplai nunua huku, kwa sababu ni nzito, na pawasaplai ikikuangusha utataka duka la kuirudishia. Hata kwa hivyo vidogo aulize dhamana kabla ya kulipa, nyingi zinadai kifaa kirudi kilikonunuliwa.

Akichukua Ryzen (prosesa ya AMD) ya soketi ya AM4, abebe ndani ya kiboksi chake cha plastiki, si kwenye mfuko wa koti. Miguu yake iko chini ya prosesa yenyewe, na ukipinda mmoja utakaa na wembe na tochi usiku kucha. AM5 haina shida hiyo, miguu iko kwenye mazabodi, ila AM5 inakulazimisha RAM mpya ya DDR5. RAM imepanda vibaya tangu mwishoni mwa 2025, viwanda vimegeukia seva za akili mnemba. Kama tayari una vipande vya DDR4 nyumbani, baki AM4 bila haya.

Na mashine ikishasimama, usiiweke chini ya dirisha la upande wa bahari. Upepo wa chumvi unakula shaba kimya kimya.

Tanga: "Nacheza CS2, ping inafika 180. Nikinunua kadi kubwa itashuka?"

Haishuki hata kidogo. Kadi inaongeza fremu (picha kwa sekunde), ping ni safari ya kwenda kwenye seva na kurudi, na seva za gemu hiyo zilizo karibu nasi ziko Johannesburg na Dubai. Vuta kebo kutoka kwenye ruta badala ya Wi-Fi, na kwenye mipangilio ya gemu punguza kikomo cha ping unachokubali, isikutupe Ulaya. Hela ya kadi kaa nayo.

Mombasa: "Nimeweka RX 6600 mpya, lakini gemu inakwenda fremu 15 kama zamani. Nimeuziwa feki?"

Geuza keisi, tazama nyuma. Kebo ya skrini imechomekwa wapi? Naweka dau iko juu, kwenye tundu la mazabodi, ulikozoea kuichomeka kabla ya kadi. Ihamishie chini, kwenye matundu ya kadi yenyewe yaliyolala. Nilipomjibu hivyo alinyamaza dakika tano, kisha akaandika neno moja: "Aibu." Hakuna aibu, wiki hii wewe ni wa tatu. Na kama skrini yako ni ya 144 Hz (inaonyesha picha 144 kwa sekunde), ingia kwenye mipangilio ya onyesho ukaibadilishe mwenyewe, kwa sababu mara nyingi Windows huiacha kwenye 60.