Jina la Mwisho Si Lazima Liwe la Ukoo

SWALI

Assalaam aleikum, Maalim. Nafanya kazi mapokezi katika hoteli ndogo ya Mji Mkongwe. Kompyuta yetu ina visanduku viwili tu: jina la kwanza na jina la ukoo. Juzi tulipata wageni kutoka Iceland, mume na mke na watoto wao wawili, wa kike na wa kiume, na kila mmoja ana jina lake la mwisho. Meneja akanituma niwaulize kama kweli ni watu wa nyumba moja. Haya niliyoona siku ile sijaisahau. Kabla yao kuna Mhispania nilimtafuta kwenye orodha karibu nusu saa, kumbe yumo, ila kwa jina la katikati. Na Mjerumani mmoja, Müller, kila nikipitisha pasi yake kwenye mashine kompyuta inasema hayupo. Naomba unielekeze: nitajuaje lipi ni la ukoo, na majina haya yana maana gani hasa? Wageni wenyewe hufurahi wakiulizwa. Tatizo wakinirudishia swali sina la kusema, maana jina langu la mwisho ni Haji, na Haji ni babu yangu tu.

Msomaji, Unguja

JIBU

Waalaikum salaam, mwanangu. Nusu ya jibu umeitoa mwenyewe hapo mwisho, uliposema Haji ni babu yako, na tutarudi hapo. Lakini mgeni kasimama mbele yako na begi lake, basi tuanze na pasi.

Chini ya ukurasa wenye picha kuna mistari miwili ya herufi kubwa iliyojaa alama hii: <. Wengi huiruka wakidhani ni ya mashine peke yake. Usiiruke. Mstari wa juu huanza na P, kisha herufi za nchi, kisha jina la ukoo, kisha alama mbili zilizofuatana, <<, ndipo yaje majina mengine. Alama moja ni nafasi tu baina ya neno na neno. Mbili ndizo ukuta. Ukikuta GARCIA<MARQUEZ<<GABRIEL, yote yaliyo kabla ya ukuta ni jina la ukoo, maneno mawili kwa pamoja, wala hapana la katikati hapo. Mwenye jina moja tu, kama Waindonesia wengi, jina lake hukaa mwanzoni na baada yake ni alama tupu hadi mwisho wa mstari.

Wajerumani wana kasoro yao ndogo. Nchi nyingine huandikwa kwa herufi tatu, Tanzania ni TZA, Hispania ni ESP, lakini Ujerumani ni D peke yake, na nafasi mbili zilizobaki hujazwa alama. Kwa hiyo utaona P<D<<MUELLER<<, na ukuta wa kweli ni ule wa pili. Umeona pia jina lilivyogeuka? Mistari ile haina herufi zenye nukta wala vikofia, ni A hadi Z tu, basi Ü huandikwa UE, ß huwa SS, Ø ya Wadenmaki huwa OE na Þ ya Waaisilandi huwa TH. Mgeni wako alipoweka nafasi mtandaoni aliandika Müller, au Muller. Mashine yako imesoma Mueller. Mtafute kwa namna zote tatu. Na ukitaka kumchekesha, mwambie unajua babu yake alikuwa na kinu cha kusaga nafaka, kwani ndiyo maana ya jina lake.

Sasa hao wa Iceland. Jina la ukoo hawana, na hapo ndipo meneja wako alipoteleza. Mwishoni mwa jina la mwanamume huwa kuna son, mwana. La mwanamke, dóttir, binti. Vigdís Finnbogadóttir, aliyekuwa rais wao kuanzia 1980 hadi 1996, ni Vigdís binti Finnbogi. Sisi wa nchi ya Siti binti Saad hatuna haja ya kufafanuliwa zaidi. Mume anabeba jina la babake, mke la babake, mtoto wa kiume la babake pamoja na son, wa kike lile lile la baba pamoja na dóttir. Nyumba moja, majina manne, na hakuna aliyedanganya. Kitabu chao cha simu, kilipokuwa kikichapishwa, kilipangwa kwa jina la kwanza, na rais huitwa kwa jina la kwanza. Kwenye kisanduku andika ilivyo kwenye pasi, lakini mdomoni mwite Vigdís. Si utovu wa adabu. Ukimwita Finnbogadóttir ni kama mtu akuite wewe "Binti Juma" mchana kutwa.

Jirani zao walikuwa hivyo hivyo, mpaka serikali zikataka majina yasimame. Denmark ilitoa agizo mwaka 1828. Jensen ni mwana wa Jens, lakini Jensen wa leo babake anaweza kuitwa jina lolote: Jens mwenyewe kafariki zamani, jina limebaki limeganda kama samli ya kipupwe. Hispania waliganda mapema zaidi. Ile ez ya mwisho ni "mwana wa": Fernández wa Fernando, Sánchez wa Sancho, Pérez wa Pedro. Wareno huandika es, Fernandes na Rodrigues, na kutoka kwao yakaingia kwa Wagoa tunaowajua Unguja na Mombasa. Goa ilitawaliwa na Ureno tangu 1510 hadi 1961, na waliobatizwa walipewa majina ya Kireno. Kwa hiyo Bwana Fernandes wa Goa hana lazima ya kuwa na tone la damu ya Fernando yeyote, na Bwana Pereira, ambalo ni mti wa mapea, pengine pea hajalionja.

Mhispania wako ana majina mawili ya ukoo: kwanza la upande wa baba, kisha la upande wa mama. Yule mwandishi wa Kolombia, Gabriel García Márquez, baba alikuwa García, mama Márquez, na mahali pake kwenye orodha ni herufi G. Hapa mimi mwenyewe nimewahi kuumia. Miaka ya mwanzo ya kazi hii ya kufasiri vyeti, nilimfasiria Mhispania cheti cha ndoa nikashika jina la mwisho kuwa ndilo la ukoo, lililotangulia nikaliweka kama la katikati, kwa mazoea yetu. Ofisi iliyozipokea karatasi ikazirudisha: mtu wa kwenye cheti siye wa kwenye pasi. Nikafasiri upya bure, na nauli ya kuzipeleka ikatoka mfukoni mwangu. Wareno nao, ili tusipumzike, kwa kawaida hutanguliza la mama na kumalizia na la baba.

Wachina na Wakorea usiwape tabu: la ukoo hutangulia. Yao Ming yule wa mpira wa kikapu ni Bwana Yao. Wakija Wakorea wawili wote ni Kim, maana yake dhahabu, usikimbilie kuwapa chumba kimoja. Karibu Mkorea mmoja kati ya watano ni Kim. Warusi mke huongeza a, Tereshkov na Tereshkova, jina ni moja.

Kosa ninaloliona sana, na linafanywa hata na watu wetu, ni la kulikata jina mahali pasipokatika. Abdulrahman ni neno moja, mja wa Mwingi wa Rehema. Mfumo wa kompyuta ukalipasua, Abdul huku na Rahman kule, mgeni anaitwa "Mister Rahman", na Rahman ni jina la Mungu. Waethiopia wana yao: Gebre ni mtumishi wa, Selassie ni Utatu. Mwanariadha Haile Gebrselassie ni Haile, mtoto wa Gebrselassie. Jina la ukoo hamna tena hapo, la pili ni baba. Mwite Haile.

Basi ukija kwetu, tunafanana na Haile kuliko Jensen. Rais Samia Suluhu Hassan ni Samia, babake Suluhu, na Hassan anafuata juu yake. Kiswahili tunasema Rais Samia na hakuna anayeona tumekosa heshima. Magazeti ya Kiingereza humwandika kwa kifupi "Hassan", na kila nikisoma nahisi wanamzungumzia mzee mwingine kabisa.

Lakini hapo hapo Unguja majina yanaanza kuganda, na unaweza kuyaona yakiganda. Rais wa kwanza alikuwa Abeid Amani Karume. Mwanawe, aliyekuwa rais kuanzia 2000 hadi 2010, ni Amani Abeid Karume. Soma polepole: Abeid wa Amani, kisha Amani wa Abeid, mjukuu karudishiwa jina la babu kama ada yetu, mnyororo unakwenda na kurudi, na Karume kasimama pale pale. Ali Hassan Mwinyi, mwanawe ni Hussein Ali Mwinyi. Kwa mnyororo wa kawaida angekuwa Hussein Ali Hassan. Hassan kaachwa, Mwinyi kabaki. Na mwinyi ni mwenye, cheo cha wakubwa wa mji. Bara nako yametokea hayo: Nyerere kwa Kizanaki ni viwavi wanaoshambulia mazao, jina alilopewa babake Julius kwa sababu alizaliwa wakati wa baa hilo. Lilikuwa jina la mtu mmoja na mwaka mmoja. Leo wajukuu wanalibeba.

Wenye majina ya ukoo hasa, ya zamani, ni wale wa nasaba za Oman na za Hadhramaut, huko Yemen: Busaidi, Barwani, Mazrui waliotawala Mombasa hadi 1837. Ile al ya mbele usiitumie kupanga orodha. Mazrui mtafute kwenye M. Kwa Wahadhrami sikiliza Ba ya mwanzo, Bawazir, Bakathir, maana yake ni watu wa nyumba ya fulani.

Umeuliza maana. Hapo nina onyo moja: neno unaweza kulifasiri, mtu huwezi. Mhunzi yuko kila mahali. Smith wa Uingereza, Schmidt wa Ujerumani, Kowalski wa Poland, Kuznetsov wa Urusi, Kovács wa Hungaria, Herrero wa Hispania, na Haddad wa Waarabu. Ukimweleza Mama Smith kwamba jina lake ndilo hilo la Ratib Haddad inayosomwa misikitini kwenu, mtakuwa na mazungumzo ya kahawa nzima. Ila husimuliwa kwamba babu wa masharifu wa al-Haddad hakufua chuma. Alikuwa akipenda kukaa dukani kwa mhunzi huko Tarim, watu wakamtambulisha kwa duka lile. Jina la kazi, kazi yenyewe ya mwingine.

Na usivutwe na mifanano. Singh ya Masingasinga ni simba, kwa Kisanskriti simha, na tangu 1699 wanaume wao huitwa hivyo na wanawake Kaur. Kila mwaka huniandikia mtu kunithibitishia kwamba simba wetu katoka India. Hakutoka, ni neno la Kibantu lenye ndugu zake katika lugha za bara, na kukutana huko ni bahati tu.

Wageni wako wengi watakuulizia nyumba ya Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, basi uwe na hili mkononi. Alizaliwa Unguja 1946, Farrokh Bulsara, wa jamii ya Waparsi. Bulsara ni mtu wa Bulsar, mji wa Gujarat ambao leo huandikwa Valsad. Ni kama ungesema Mpemba au Mtumbatu. Waliobaki kwao hawana haja ya jina hilo, maana Bulsar kila mtu ni wa Bulsar. Jina la mahali humshika aliyeondoka.

Umebaki wewe. Tiketi, viza na cheti chochote, andika kama ilivyo kwenye mistari ile ya chini ya pasi yako, kabla ya ukuta na baada yake, hata kama hukupenda walivyopanga. Tofauti baina ya karatasi mbili ndiyo inayokwamisha watu uwanja wa ndege. Ama mgeni akikuuliza Haji ni nini, mwambie ni aliyehiji, na kwetu huweza kupewa mtoto aliyezaliwa mfungo tatu, msimu wa hija. Muulize babako kama mzee alizaliwa mwezi huo. Kisha mwambie mgeni kwamba mtoto wa kakako ataitwa jina lake, la kakako, na la babako, na hapo Haji atakuwa kaanguka mwishoni mwa mstari, isipokuwa mkubaliane kumshika.