Fundi wa Nyumbani: Waya wa kijani ulikwenda wapi?

*Shikamoo Mzee Fundi. Mimi ni mjane, naishi Gungu, hapa hapa Kigoma. Nyumba aliijenga marehemu mume wangu, na wayaringi ilifanywa miaka kumi na miwili iliyopita. Sasa nataka kuongeza friza ya pili kwa sababu nauza migebuka na barafu, na watoto wananidai shawa ya maji ya moto. Tatizo ni kwamba tangu mvua zianze, nikigusa koki ya bafuni nikiwa nimelowa nasikia kama sisimizi wananing'ata. Tuna pampu ya kupandisha maji kwenye tenki. Halafu nikiwasha pasi na friza pamoja, breka inakatika. Nimeita mafundi wawili. Wa kwanza alisimama mlangoni, akachungulia ndani, akasema laki tatu na themanini, vifaa analeta mwenyewe. Wa pili anataka elfu tisini na anasema anamaliza leo leo. Kijana wa jirani naye anasema tatizo ni breka ndogo, niweke kubwa yaishe. Nimchukue nani?*
*Mama Migebuka, Gungu*

Marahaba mwanangu. Habari ya mafundi tutaizungumza, ila tuanze na koki.

Hao sisimizi ni umeme. Zima pampu sasa hivi, na usiishie kwenye swichi ya ukutani: teremsha breka yake kwenye meni swichi. Hadi aje mtu mwenye kipimo, ogeni kwa ndoo, na maji yachotwe nje. Wala usirudi kuigusa ile koki ili kujaribu kama imepona. Ukiwa mkavu na umevaa kandambili unasikia mtekenyo. Ukiwa umelowa, miguu peku kwenye sakafu ya saruji, umeme ule ule unakuganda. Nashuku pampu kwa sababu mota yake inakaa na maji, na mvua zinapoanza unyevu huingia penye ufa. Lakini kushuku si kupima.

Sasa mafundi wako. Mimi nisingemchukua hata mmoja. Wa kwanza ametaja bei bila kufungua meni swichi, yaani amepanga bei kwa kuangalia paa lako. Wa pili anataka kumaliza leo leo nyumba yenye umeme unaovuja, na kuutafuta huo uvujaji peke yake kunaweza kula asubuhi nzima. Bei zao zisikusumbue. Tazama fundi anafanya nini katika nusu saa ya kwanza. Anayejua kazi atauliza maswali mengi hadi umchoke: nini kinakatika, lini, ukiwasha nini. Atafungua meni swichi na kuchungulia kama nyaya zimeungua kwenye skrubu. Atatoa mita, si testa peke yake, maana testa inawaka tu, haikwambii ni volti ngapi. Halafu atazunguka nyuma ya nyumba. Akikuuliza "ethi rodi iko wapi?" kabla ya kukuuliza habari ya advansi, mkaribishe chai. Hiyo ni ile fimbo ya shaba inayopigiliwa ardhini ili umeme unaovuja ushukie udongoni.

Naijua habari hiyo ya rodi kuliko ninavyopenda. Kabla sijakaa darasani VETA, mimi mwenyewe nilikuwa kishoka, fundi wa kubahatisha asiye na leseni. Hapo Ujiji, na bisibisi moja, pilaya ya kuazima na mdomo mwingi. Enzi hizo tulikuwa tukitumia umeme wa jenereta za dizeli, gridi haijafika kwetu, na mtu akipata umeme anashukuru, haulizi. Mama mmoja muuza samaki alinipa kazi ya chumba cha biashara: taa mbili, soketi mbili, na hela ya rodi ya shaba kando. Ile hela niliila. Waya wa kijani, ule wa ethi unaotakiwa kutoka kwenye soketi hadi kwenye rodi, niliufunga vizuri kwenye soketi, mtu akifungua auone, upande wa pili nikaukata na kuufukia kwenye plasta.

Miezi kadhaa baadaye friza yake ikaanza kuvuja umeme. Alikuwa anapiga deki, peku, akashika mpini wa mlango wa friza. Mwanawe alimchomoa kwa kupiga soketi teke. Alipona, kiganja kikabaki na alama. Kesho yake alikuja nyumbani kwangu, kandambili mkononi, akasimama kizingitini. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Fundi, ule waya wa kijani ulikwenda wapi?" Tukaenda pamoja, nikabomoa plasta mbele yake. Kikatokea kipande cha urefu wa kiganja, kimejikunja kama mkia wa kinyonga. Sijawahi kutazamwa vile tena.

Kwa hiyo mwanangu, kazi yoyote itakayofukiwa, ifanyike ukiwepo. Rodi ipigwe nyundo ukiiona, maana wapo wanaoikata nusu kwa msumeno kisha wakapigilia kipande. Kiungo cha waya na rodi kishikwe kwa klampu, si kuzungushwa kwa mkono, na kiachwe ndani ya kishimo chenye kifuniko ili siku nyingine kikaguliwe. Yupo atakayekwambia amwage chumvi na mkaa kwenye shimo. Chumvi husaidia kweli, lakini mvua huisafirisha, na inayobaki inakula chuma. Bora rodi ya pili. Na ukiweza, mwambie fundi arudi apime kiangazi, mwezi wa nane hivi. Udongo wetu ukikauka unakataa umeme, na rodi iliyosoma vizuri masika inaweza kukuaibisha.

Hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulipita. Tuseme rodi yako imepimwa ikasoma omu 20 (omu ni kipimo cha jinsi njia inavyoukatalia umeme). Umeme wa volti 230 ukivujia humo, zitapita ampia 11 na nusu. Breka yako ya ampia 20 haitashtuka! Itakaa imewaka, na bodi ya friza itakaa na umeme, nawe utasema mbona ethi ipo. Ndiyo maana pamoja na rodi unahitaji RCD, ile swichi yenye kitufe kilichoandikwa T. Ifikirie kama mzani wa sokoni Mwanga. Inapima umeme unaotoka kwenye waya wa moto na unaorudi kwenye nyutro. Zikitoka ampia 10 lazima zirudi 10. Zikirudi 9.97, ile 0.03 imepita njia nyingine, pengine mwilini mwa mtu, na hapo inakata kabla hujamaliza kusema "mama!" Dukani omba ya milliampia 30. Kila mwezi bonyeza kile kitufe, isipokata, imekufa.

Kijana wa jirani msalimie, lakini asiguse kitu. Breka inalinda waya. Nyumba kama yako soketi zake huwa na waya wa milimita za mraba 2.5, na breka ya 20 imewekwa kwa kipimo cha waya huo. Ukiweka ya 32 haitakatika tena, ni kweli, badala yake waya utachemka ndani ya ukuta na juu ya dari ambako hakuna anayeona, hadi unuse plastiki. Pasi na friza viachanishwe, kila kimoja na njia yake. Shawa ndiyo kabisa: nyingi za kuchemsha maji papo hapo zina kilowati 5 na kitu, hiyo ni zaidi ya ampia 20 peke yake. Ivutiwe waya wake kutoka meni swichi. Mimi naweka wa 6, na breka ya 32. Fundi akikwambia ataidandia kwenye soketi ya korido, mwage. Friza mpya usiipitishe kwenye ekstensheni, na uinunulie friji gadi, maana umeme ukikatika na kurudi ghafla kompresa ndiyo inayolipa.

Vifaa nunueni pamoja, wewe na fundi, na risiti ibaki na jina lako. Sisemi mafundi wote ni kama nilivyokuwa mimi, ila ukimwachia mtu vifaa na ufundi kwenye bei moja, faida yake inakaa kwenye unene wa waya. Ukiwa dukani kwangua ncha kwa wembe. Shaba ni nyekundu hadi moyoni. Ikitokea nyeupe, ni aluminiamu iliyochovywa. Tafuta alama ya TBS. Malipo ya ufundi yagaweni mara tatu, ya mwisho baada ya kupima mbele yako kila soketi, na usione haya. Mweleze tangu siku ya kwanza. Akinuna, umepata jibu.

Kuhusu leseni: ufundi wa kutandaza nyaya unatolewa leseni na EWURA, mamlaka inayodhibiti nishati na maji, na kila leseni ina daraja lake la kazi. Omba uione, usome jina na tarehe ya kwisha. Kijana aliyetoka VETA bila leseni anaweza kuwa na mkono mzuri, basi aje chini ya mwenye leseni, naye aitie mhuri kazi. TANESCO wanaishia kwenye mita, kutoka hapo kuja ndani ni mzigo wako. Yeyote anayetaka kugusa lakiri ya mita "akusaidie", mfungulie mlango atoke. Na malipo ya TANESCO hupita kwenye namba ya malipo, hayapiti mfukoni mwa mtu.

*Mzee, mimi mpangaji Katubuka. Luku ya elfu kumi ilikuwa inanitosha wiki tatu, sasa siku tisa imekwisha, na sijaongeza kifaa. Mwenye nyumba anasema nina mkono mrefu wa kuwasha taa.*
*Mpangaji, Katubuka*

Usigombane naye bado. Usiku, kila kitu kikiwa kimewaka, tazama kijitaa chekundu kwenye mita jinsi kinavyopepesa. Sasa zima meni swichi yako yote. Kikinyamaza kabisa, mlaji yumo ndani mwako: washa breka moja moja uone ipi inakichangamsha, na anza na friji ya zamani ambayo mpira wa mlango umelegea. Ila kama umezima kila kitu na kijitaa bado kinapepesa, kuna mtu amejiunga kati ya mita na meni swichi. Hapo usipande dari wala usikate waya. Kipige picha ya video hicho kijitaa na meni swichi ikiwa chini, vionekane pamoja, umwonyeshe mwenye nyumba kabla hujaita TANESCO. Umtazame usoni wakati anaangalia.