Maswali ya Wasomaji: Simu ya Kampuni ya Mtandao au Simu Isiyofungwa?

SWALI: Mhariri, nimeikuta simu ileile, yenye jina, rangi na ukubwa wa hifadhi uleule, ikiuzwa kwa namna mbili. Ya kwanza inauzwa na kampuni ya mtandao wa simu kwa malipo ya miezi 24, nayo huonyesha nembo ya kampuni hiyo kila inapowashwa. Ya pili inauzwa na mtengenezaji mwenyewe kwa bei kamili, na imeandikwa kwamba haijafungwa. Rafiki yangu anasema ninunue ya kwanza kisha nimpelekee fundi aifungue, kwa kuwa zinatofautiana kwa kufuli tu. Je, ni kweli?

JIBU: Rafiki yako amelishika jambo kwa upande mmoja. Kufuli la mtandao, au loki kama wasemavyo mafundi, si chuma wala chipu, bali ni agizo ndani ya programu. Kila laini ina namba ya utambulisho tusiyoiona, ambayo tarakimu zake 3 za mwanzo hutaja nchi na 2 au 3 zinazofuata hutaja mtandao. Simu iliyofungwa huzisoma tarakimu hizo na kuangalia kama zinaruhusiwa. Laini ya mtandao mwingine hukataliwa, hata kama ina salio na mnara uko karibu. Kufuli likiondolewa, simu huacha kuzikataa laini za wengine. Hapo kazi ya kufungua simu imekwisha, na yote mengine yanabaki kama yalivyotoka kiwandani.

Katika hayo yanayobaki, la kwanza ni programu za kampuni. Simu nyingi za Android zinazouzwa na mitandao huja na programu ambazo unaweza kuzizima lakini huwezi kuzifuta, nazo huendelea kukalia sehemu ya hifadhi uliyoilipia. Masasisho nayo mara nyingi hupitia mikononi mwa kampuni ya mtandao, ambayo huyajaribu kwanza kabla ya kuyaruhusu, kwa hiyo mwenye toleo la mtengenezaji anaweza kuyapata wakati wewe bado unasubiri. Kwa iPhone tatizo hili ni dogo, kwa sababu Apple hutuma masasisho yake kwa simu zote bila kujali ziliuzwa na nani. Wale wanaopenda kubadilisha mfumo mzima wa simu zao wana kero yao nyingine: kampuni kadhaa hufunga pia sehemu inayouwasha mfumo, na kufunguliwa kwa laini hakuigusi sehemu hiyo.

Jambo la pili ndilo ambalo wanunuzi wengi hulipita bila kuliona, nalo ni redio iliyomo ndani ya simu. Jina la kwenye tangazo ni la biashara. Kinachoeleza umbile halisi la simu ni namba ya modeli, ile ya herufi na tarakimu iliyochapishwa kwenye boksi na kuandikwa pia katika sehemu ya maelezo kuhusu simu. Mfano mzuri ni iPhone 7 ya mwaka 2016. Toleo lenye namba A1660 lilikuwa na modemu (chipu ya mawasiliano) ya Qualcomm iliyoweza kutumia pia mitandao ya CDMA, teknolojia ya zamani iliyotumiwa na baadhi ya kampuni za simu, ilhali A1778 ilikuwa na modemu ya Intel isiyoijua CDMA kabisa. Ukiziweka mezani huwezi kuzitofautisha kwa macho, lakini hakuna fundi ambaye angeweza kuifungua ile ya pili ikapata uwezo ambao haikuzaliwa nao. Hata leo matoleo ya simu moja hutofautiana kwa masafa, yaani mawimbi ya redio, ya 4G na 5G yanayoyapokea, na mara nyingine kwa idadi ya nafasi za laini.

Tena, usidhani kwamba tofauti hiyo humpendelea daima mwenye simu isiyofungwa. Toleo la kampuni limeandaliwa kwa ajili ya minara ya kampuni hiyo, kwa hiyo ndani ya mtandao wake linaweza kufanya kazi vizuri kuliko toleo huru lililotengenezwa kwa soko la bara jingine. Nchini Marekani, AT&T ilipozima 3G mnamo Februari 2022, simu zilizotakiwa kupiga kupitia 4G zilipaswa kuwa katika orodha ya zilizokubaliwa na kampuni hiyo, na baadhi ya simu zisizofungwa zilizosoma 4G bila shida zikajikuta nje ya orodha.

Ushauri wangu ni huu: jumlisha malipo yote ya miezi 24 pamoja na vifurushi unavyolazimika kununua, ndipo ulinganishe na bei ya simu huru. Ile bei ya chini unayoiona dukani ni ya siku ya kwanza tu. Kama hesabu bado inakubali na huna nia ya kuhama mtandao, chukua ya kampuni bila kinyongo. Ukiwa msafiri, au mtu wa laini mbili, lipa bei kamili, ila linganisha kwanza namba ya modeli na masafa ya mtandao wako.

SWALI: Ninataka kununua simu iliyotumika. Muuzaji anasema imeshafunguliwa. Nitahakikishaje?

JIBU: Nenda na laini ya mtandao ambao si ule ulioiuza simu hiyo. Iweke, zima Wi-Fi, piga simu, pokea moja, kisha fungua ukurasa wa intaneti. Muuzaji asiyekupa dakika hizo tano muache na simu yake. Halafu bonyeza *#06# ili uone IMEI, yaani namba ya utambulisho ya simu yenyewe, yenye tarakimu 15, uilinganishe na ya kwenye boksi. Usichanganye kufuli na orodha ya simu zilizozuiwa: simu iliyoibwa, au isiyomalizwa kulipiwa, inaweza kuwa haina kufuli lolote na bado ikakataliwa na mitandao kwa sababu ya IMEI yake. Mwisho, hakikisha akaunti ya mwenye simu wa awali imeondolewa, kwa maana hilo ni kufuli la namna nyingine ambalo kampuni ya mtandao haiwezi kukusaidia.

SWALI: Nimemaliza kulipia simu yangu. Je, itajifungua yenyewe?

JIBU: Inategemea sheria za nchi na taratibu za kampuni. Kanada ilizitaka kampuni ziuze simu zisizofungwa kuanzia tarehe 1 Desemba 2017, na Uingereza ikapiga marufuku uuzaji wa simu zilizofungwa kuanzia Desemba 2021. Kwingineko huenda ukalazimika kuomba. Omba kwa kampuni yenyewe, ukiwa na IMEI na uthibitisho wa malipo. Ukipewa namba ya kufungulia, iingize taratibu huku ukiisoma tarakimu moja baada ya nyingine, kwa kuwa simu nyingi huruhusu majaribio machache tu, na yakiisha, hata namba iliyo sahihi haitakubaliwa tena.