Mdiria mdogo kama punje ya mahindi

SWALI: Shikamoo Mzee. Napiga picha za ndege kwenye mawe ya ziwa hapa Mwanza. Nina kamera ya DSLR ya zamani ya megapikseli 24 na lenzi ya milimita 70-300, f/4-5.6. Mdiria akitua jiwe la tatu, pichani anakuwa kama punje ya mahindi. Kuna jamaa ananiuzia telekonveta ya mara mbili, kile kipande cha vioo kinachofungwa kati ya kamera na lenzi ili kuvuta zaidi, imetumika. Anasema nikiifunga nitapata milimita 600. Ninunue?
Msomaji, Kirumba

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hesabu ya jamaa ni sahihi, 300 mara mbili ni 600. Ila hajakwambia inakula nini. Telekonveta ya mara mbili inakula stopu mbili za mwanga, na kila stopu ni kupunguza mwanga nusu, kwa hiyo f/5.6 yako inageuka f/11 (namba ya f ikikua, mwanga unaoingia unapungua). DSLR nyingi za zamani hazikamati fokasi zenyewe zikipita f/5.6. Utasikia lenzi inakwenda na kurudi, zzz, zzz, na mdiria keshazama, keshaibuka na dagaa. Halafu kasi ya shata: palipokupa 1/2000 ya sekunde, sasa utapata 1/500 kwa ISO ileile, yaani wepesi uleule wa kamera kunasa mwanga. Yule mdiria mweusi na mweupe, anayepiga mabawa akiwa amesimama hewani, kwa 1/500 mabawa yake yanakuwa moshi.

Nilishaingia mtego huo. Nilibeba telekonveta kama hiyo hadi Naivasha, nikakodi boti nusu siku. Nahodha akapiga mluzi, akarusha samaki, kwazi, yule tai mla samaki, akashuka mara nne. Sikupata jicho moja lililokaa sawa. Tulipokuwa tunarudi akaomba kuziona picha. Nikamwambia betri imekufa.

Tena angalia: telekonveta nyingine zina kioo kilichotokeza mbele, na kinaweza kugonga kioo cha nyuma cha lenzi yako. Ikigoma kuingia, usilazimishe.

Kwa lenzi uliyonayo, kata kingo za picha kwenye kompyuta. Ukikata kiasi cha kumkuza mdiria mara 1.4, megapikseli 24 zinabaki kama 12, na hizo zinachapa A4 bila shida. Siku ukipata fedha, tafuta lenzi ya milimita 300 f/4 isiyo ya zuumu, uifunge telekonveta ya mara 1.4. Utapata milimita 420 kwa f/5.6, stopu moja tu imeliwa, fokasi ipo. Mimi natumia hiyo mpaka leo, na mgongo wangu unaishukuru.

Lakini kubwa zaidi ni kusogea. Mdiria ana jiwe lake, akiruka atalirudia. Fika kabla ya jua, kaa chini, tulia. Hapo Kirumba ndege wamezoea wavuvi; mwombe mwenye mtumbwi uliofungwa ukae ndani yake, lenzi uilaze juu ya kifuko cha maharage. Ikifika saa nne mawe yanafuka joto na hewa inacheza mbele ya lenzi. Hapo funga begi, kanywe chai.

Na huyo jamaa, mwombe akuazime siku moja kabla hujatoa hela. Piga jina lililoandikwa ubavuni mwa mtumbwi, hatua thelathini, mara moja na telekonveta, mara moja bila, kisha hiyo ya pili uikate kingo mpaka jina lilingane ukubwa na la kwanza. Ya telekonveta ikisomeka vizuri zaidi, niandikie, nitakula maneno yangu humu humu.