Mwanangu, kabla hamjanunua matofali

Mwanangu Tumaini,

Ujumbe wako niliusoma, kisha nikamsomea mama yako. Sisi hatujambo. Baridi ya Uyole mwaka huu imewahi, na mama yako anakusalimu kwa kuuliza wajukuu wake unawaleta lini. Nimeona nisikujibu kwa simu, maana kwenye simu mtu akiulizwa jambo zito huishia kusema "tutaona", na wewe umeniuliza jambo zito.

Nalirudia swali lako ili na wenzako ukiwasomea waelewe. Umesema: "Baba, umefanya kazi ya ustawi wa jamii mpaka ukastaafu. Mbona tulikuwa tunakuona unawatoa watoto kwenye makao yenye vitanda, umeme na chakula, unawarudisha kwa bibi zao wenye chumba kimoja? Ilikuwa amri ya wakubwa? Na sisi wana Mbeya tulioko Dar tukichanga tukajenga kituo cha yatima hapo Uyole, utatuunga mkono?"

Nianze na hilo la mwisho. Kwa kituo mlichonitumia ramani yake, siwaungi mkono. Fedha mlizokwisha kuchanga zina kazi nyingine, nitaifikia.

Kuhusu amri ya wakubwa: sheria ipo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto haki ya kuishi na wazazi au walezi wake, na anayeweza kumtenga nao ni mahakama, tena kwa sababu za kueleweka. Afisa ustawi anapoona mtoto hayuko salama huenda mahakamani kuomba amri ya matunzo. Hata hiyo amri haizidi miaka 3, au mpaka mtoto atimize miaka 18, lolote litakalotangulia. Yaani hakimu anapomtoa mtoto kwao, anamtoa kwa muda. Lakini maafisa wenzangu wengi waliijua sheria hii kwa moyo na bado waliwaacha watoto makaoni mpaka ndevu zikaota, kwa sababu kumwacha mtoto mahali ni kazi nyepesi kuliko kumtafutia kwao. Mimi niliiamini kwa niliyoyaona.

Kuna mvulana aliokotwa stendi ya Nane Nane, analala kwenye kibanda cha mama lishe. Ukimtazama meno, ana kama miaka saba. Askari wa Dawati la Jinsia na Watoto wakamleta ofisini na karatasi iliyoandikwa "hajulikani atokako". Jina lake alilijua, la baba yake hakulijua, na kijiji chake kiliitwa "nyumbani". Kituo kimoja hapa mjini kilikuwa tayari kumpokea siku ileile, na mwenye kituo alinishangaa nilipokataa. Nilimpeleka Iganzo kwa mtu na mkewe waliokuwa familia ya kuaminika. Hao ni watu waliochunguzwa na kuandikishwa na ofisi ili wapokee mtoto wa dharura wakati sisi tunatafuta ndugu.

Mtoto wa umri ule humpati kwa maswali ya fomu. Unamwacha acheze, unasikiliza. Yule mama wa Iganzo ndiye aliyenipigia. Aliniambia mtoto ameingia bustani ya jirani, akaona maua meupe, akaanza kuyachuma vichwa tu, haraka haraka kwa mikono miwili, vikonyo anaviacha. Nikamwambia mama, huyo amechuma pareto, yale maua ya kutengenezea dawa ya wadudu. Na pareto hailimwi Kyela wala Mbarali, inataka baridi. Basi tumebakiza Umalila, Makete, au kule Mufindi. Baada ya siku kadhaa akatoa jingine: kwao kuna ng'ombe wengi wenye madoa meusi na meupe, na ng'ombe hao ni wa serikali. Hapo nikajua, ni jirani na shamba la mifugo la Kitulo. Nikampigia mtendaji wa kijiji mmoja ninayemfahamu, naye akampigia wa pili, wa pili akamuuliza mwalimu mkuu. Kabla ya Ijumaa nikawa na jibu: kuna bibi anamtafuta mjukuu wake tangu viazi vilipovunwa. Mjomba alimchukua akisema anakwenda kumsomesha mjini, akamweka kuuza karanga, mtoto akatoroka.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo watu wanapotukosea. Humbebi mtoto siku hiyohiyo ukamkabidhi. Unapanda kwanza peke yako. Nilipita Chimala, nikapanda zile kona za kwenda Matamba, na kutoka hapo nikadandia pikipiki. Unakwenda kuona nani analala humo ndani, nani anakunywa, shule iko umbali gani, mjomba huja lini, na majirani wanasemaje bibi akiwa hayupo. Bibi alikuwa na kijiti alichopimia mguu wa mjukuu ili amnunulie viatu siku ya mnada. Alikuwa bado amekichomeka kwenye ukuta wa mianzi. Alinipa niende nacho. Nilipokilinganisha Iganzo, kidole gumba cha mtoto kilikuwa kimekipita.

Chumba kimoja, ndiyo, na bati linavuja upande wa jiko. Niliandika hayo yote kwenye taarifa. Lakini niliandika pia kwamba bibi halewi, kwamba shule inaonekana kutoka mlangoni, na kwamba shangazi wa mtoto anakaa nyumba ya tatu. Mtendaji akamwita mjomba na wazee wa ukoo, mjomba akaandika na kuweka dole gumba kwamba hamchukui tena mtoto bila ofisi kujua. Ndipo tukamrudisha. Na baada ya hapo unapaswa kwenda tena, na tena. Mtoto aliyerudishwa asipofuatiliwa ametupwa. Hilo ndilo lililokuwa likinikosesha usingizi, kuliko chumba kimoja cha bibi. Gari la ofisi ama halikuwepo, ama lilikuwepo halina mafuta. Nauli nyingi mama yako anazijua, alikuwa akizitafuta kwenye bajeti ya nyumba hii.

Umetaja vitanda na umeme. Nakubali, makao mengine ni safi kuliko nyumba yetu tuliyowalelea. Tatizo hulioni ukienda Jumapili na mafuta ya kupikia na katoni ya sabuni. Siku hiyo watoto wanaimba, na vidogo vinakukimbilia kukukumbatia miguu, wageni wanafurahi na kupiga picha. Mtoto mdogo wa kawaida akimwona mgeni hujificha nyuma ya mama yake. Anayemkumbatia kila anayeingia getini, mimi humhofia.

Nenda ukawaone wanapofikisha miaka 18. Msichana mmoja aliyetoka kituo kizuri tu alipangiwa chumba Ilomba, akaja ofisini kuniuliza chumvi inanunuliwa kwa kipimo gani. Alikuwa amefaulu kidato cha nne. Hajawahi kutumwa dukani, hajawahi kupunguziwa bei ya nyanya Mwanjelwa, hajawahi kuona mtu mzima akikosa hela na kujua la kufanya. Mwingine, kijana fundi seremala, alitaka kuoa Rungwe. Wazee wa upande wa binti wakauliza wanaokuja kuposa ni akina nani. Hakuwa na mtu. Alinifuata mimi nikasimame kama mzee wake, na nikaenda, nikavaa koti. Wazee wakataka kujua ukoo, nikajibu nilivyoweza. Wewe mahari yako ilisemwa na baba zako wadogo wanne, wakagombana mpaka usiku, ukaona ni kero. Yule alikuwa akiitamani hiyo kero.

Halafu kuna shamba. Mtoto anayekulia kijijini, hata kwa bibi maskini, kila mtu anajua kwamba pale mtoni ni pa marehemu baba yake. Akikaa makaoni miaka kumi, pale mtoni panalimwa na wengine, na akirudi anaonekana mvamizi. Kesi za namna hii zimenichosha kuliko za polisi.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili la makao na familia. Kule Romania, kuanzia mwaka 2000, watafiti waliwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa kwenye vituo vya Bucharest. Nusu yao wakapelekwa kwa familia za malezi, nusu wakaendelea na malezi ya kawaida ya huko. Waliopata familia walikua vizuri zaidi kiakili na kimoyo, hasa waliotolewa kabla ya kutimiza miaka miwili. Vituo vile vilikuwa vibaya kuliko vyetu, najua mtanijibu hivyo. Ila mtoto mchanga anahitaji uso mmoja unaorudi kila asubuhi, na walezi wa zamu hawawezi kuwa uso mmoja.

Tena neno "yatima" mlilokwisha kuliandika kwenye bango, lifikirieni. Mikoa yetu mnaijua. Utafiti wa taifa wa 2016/17 ulikuta asilimia 11.4 ya watu wazima Njombe wanaishi na VVU, na Iringa 11.3, wakati nchi nzima ilikuwa karibu 5. Misiba ile ndiyo iliyowaacha bibi na wajukuu. Lakini wengi wa watoto niliowakuta makaoni walikuwa na mzazi mmoja hai, au bibi, au shangazi. Kilichowaleta ni njaa, sare na madaftari. Mkijenga vitanda arobaini, vitajaa kabla rangi haijakauka, na hamtakuwa mmempunguza hata yatima mmoja. Mtakuwa mmemwambia kila mama mwenye shida kwamba mtoto wake atakula vizuri akiachana naye.

Sikudanganyi, wapo wasio na pa kurudishwa. Nilikuwa na binti wa miaka 12 ambaye aliyemharibu alikuwa mtu wa nyumbani mwao. Ukoo ulitaka yaishe kwa ng'ombe. Walikuja ofisini wazee watano, wanaheshimika, mmoja alikuwa na nafasi kanisani, wakaniita mwanetu, wakaniomba nisiwavunjie ukoo. Fomu ya polisi namba 3, ile ya uchunguzi wa daktari kwa aliyeumizwa, ilikuwa tayari imejazwa hospitali, kwa hiyo nikawakaribisha chai, na kesi ikaenda mahakamani. Binti yule makao yalimwokoa, hata leo nayashukuru. Ndiyo maana sisemi yafungwe. Nasema yawe machache, yawe na leseni ya Kamishna wa Ustawi wa Jamii, na kila mtoto aliyemo awe na jalada linaloeleza kwa nini yumo na nani anatafutwa. Vituo vilivyonipa shida ni vile vilivyopokea watoto kimyakimya, halafu ukiuliza ametoka wapi unaambiwa "aliletwa na mama mmoja".

(Na mwambie rafiki yako aliyeandika kwenye mapendekezo kwamba "watoto watukutu wapelekwe Irambo" kwamba Irambo ni shule ya maadilisho. Huko hupelekwa na mahakama mtoto aliyetiwa hatiani. Mlezi hawezi kumpeleka huko kwa kuwa amemchoka.)

Sasa fedha zenu. Kiwanja kama mmeshalipa, kiacheni, kitapanda bei. Nendeni kwa afisa ustawi wa halmashauri, ombeni awaonyeshe kaya ambazo mtoto amerudishwa au yuko karibu kuondoka nyumbani. Majina asiwape mpaka familia ikubali, akiwapa haraka mwogopeni. Bibi wa Kitulo alihitaji mabati, godoro, sare na bima. Wakati ule CHF, yaani bima ya mfuko wa afya ya jamii, ilikuwa shilingi 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, na alishindwa kuilipa. Ada ya shule ya msingi haipo, lakini viatu na michango vipo. Mkiwa na moyo wa zaidi, tengeni nauli ya kufuatilia, ilipwe kupitia ofisi na kwa risiti. Haina picha nzuri ya kuweka kwenye kalenda ya kikundi, najua.

La mwisho ni gumu kidogo, na nakuuliza kwa sababu wewe ndiye mwenyekiti. Kikundi chenu kina wanandoa wangapi wenye chumba cha ziada? Ofisi za ustawi zinatafuta familia za kuaminika kila siku, Dar na huku. Mtachunguzwa, mtaulizwa maswali ya kuudhi kuhusu ndoa na mapato, na mtoto mnaweza kukaa naye miezi mkamzoea, kisha shangazi yake akapatikana Ludewa akaenda zake. Zungumza na mkwe wangu kabla hujanijibu, usimjibie wewe.

Mkija Desemba nitawapeleka ofisini mwenyewe, yule binti aliyeshika meza yangu ni mchapakazi. Njoo na mweka hazina wenu, maana maswali ya mabati ni ya kwake.

Baba yako