Homa ya mtoto aliye kwenye dawa za saratani

Swali: Daktari, shikamoo. Mwanangu ana miaka 5, anatibiwa saratani ya damu Dar es Salaam. Juzi usiku, siku ya 9 tangu atundikiwe dawa, kipimajoto kilisoma 38.4. Nikampa panadol, ikashuka. Zahanati wamepima, ana malaria, tumepewa dawa mseto. Leo anacheza. Nisubiri kliniki ya Alhamisi? – Mama, Kilosa

Jibu: Marahaba, mama. Usisubiri. Mpeleke hospitali ya wilaya sasa hivi, na mpigie daktari wake mkiwa njiani.

Dawa za saratani hushusha pia chembe nyeupe za damu, hasa nyutrofili, zinazopambana na bakteria. Mara nyingi hufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14, na mwanao yumo humo. Zikipungua chini ya 500 kwa maikrolita moja ya damu, bakteria wa mdomoni au tumboni mwake mwenyewe anaweza kuingia kwenye damu na kumwangusha kwa saa chache. Usitarajie jipu wala usaha, maana usaha hutokana na chembe hizo hizo. Homa inaweza kuwa dalili pekee, na panadol huishusha huku bakteria wakibaki.

Malaria itibuni, amalize dozi. Ila malaria haizuii bakteria kuwepo. Anahitaji kuhesabiwa chembe za damu, damu nyingine ioteshwe maabara kuona kama ina bakteria, na antibayotiki ya mshipa ianze ndani ya saa moja tangu afike, bila kungoja majibu.

Mapokezi usikae foleni. Najua wazazi wengi huona haya, leo usione. Sema: "Yuko kwenye dawa za saratani, alipata homa ya 38.4." Waonyeshe kadi yake.

Siku nyingine, pima kwapani, andika namba na saa, piga simu kabla ya kumpa chochote. Kama wodi haikukupa kiwango cha homa, 38 yatosha kuondoka nyumbani. Usipime wala kuweka dawa njia ya haja kubwa, mchubuko mdogo hupitisha bakteria. Ibuprofeni na aspirini usimpe, zinaweza kumtoa damu. Na akilegea, akipumua haraka au mikono ikiwa ya baridi, nenda hata bila homa. Prednisoloni, dawa itumikayo sana kutibu saratani ya damu, huweza kuificha homa.

Safari ya Dar ni ndefu. Achomwe dozi ya kwanza ya antibayotiki hapo hapo Kilosa, rufaa ifuate.